Magoti ya Mwanaharusi

Betri zilikuwa juani, zimeanikwa juu ya bati ili zirudishe nguvu kidogo, kwani siku zile hata betri ziliadimika; na bado mashine ilikuwa ikimsisimua Mwanaharusi magotini.

"Wifi, inafanyaje kazi?" aliuliza Tabu, dada wa mumewe. "Betri nimezianika mwenyewe."

"Ya Ulaya hiyo. Inakulaga hewa tu."

Alitania ili asiulize zaidi. Baridi yabisi ilikuwa imemnyima sijda kwa miaka, akiswali ameketi huku wenzake wakiweka paji la uso chini. Ndipo Salum, mumewe, aliporudi kutoka Musoma na kisanduku chenye nyaya na vibandiko vya mpira. "Inasisimua mishipa ya fahamu, mama Shani," alisema. "Maumivu yanapotea njia." Tangu hapo Mwanaharusi alisujudu kama msichana. Na duka lao la Nyasura, lililokuwa tupu tangu uhaba uanze, lilijaa sabuni na khanga kabla ya maduka mengine yote.

Alasiri ile, Tabu alipokwisha kwenda zake, Mwanaharusi alivibandua vibandiko, akatia udhu, akaelekea kibla. Alipotoa takbira msisimko ukaanza upya magotini, pasipo waya wala kibandiko. Harufu ya mpira unaoungua ikapanda, imechanganyika na udi ambao hakuna aliyeufukiza, na miguu yake, ile ile aliyoishukuru kila alfajiri, ikageuka yenyewe polepole, ikaiacha kibla, ikamtoa mswalani, ikampeleka hadi mlango wa stoo ya mumewe, na hapo magoti yakakunjika na kumshusha, ilhali mle gizani kitu kilikuwa kikihema kwa mapigo yale yale ya mashine.

Akang'ang'ania kizingiti, paji la uso lisiguse chini.

"Usimkatalie," Salum alinong'ona nyuma yake. "Inama kidogo tu."

"Ulimwahidi nini, baba Shani?"

"Duka lilikuwa limekufa. Alitaka mtu wa kumsujudia. Mimi niliogopa. Na wewe sijda ulikuwa unaililiaga."

Miaka yote alimlilia Mungu mbele ya mwanamume huyu, naye alikuwa akisikiliza apate cha kuuza.

"Ya Rabbi," alisema taratibu, "nirudishie maumivu yangu."

Yakarudi yote kwa pamoja. Akajikokota hadi mswalani, akaketi chini, akainyoosha miguu, akaianza swala upya.

Nyuma yake goti la Salum liligonga sakafu ya stoo, kisha la pili, kisha paji la uso. Mwanaharusi alitoa salamu kulia na kushoto. Hakumsikia akiinuka.