Lastiki Moja Asubuhi, Lastiki Mbili Jioni

Mama Albertine wa mtaa wa Annexe alikuwa kipofu kwa miaka sita, lakini ufagio wake hakumwachia mtu. Kila asubuhi alifagia kiwanja mwenyewe. Akimaliza, alipapasa pindo la kitenge chake. Fundo la kushoto lilikuwa na dawa ya sukari, ya asubuhi. Fundo la kulia lilikuwa na dawa ya tension, yaani shinikizo la damu, ya jioni.

Wiki hiyo alikuwa na furaha kubwa. Lydie, binti yake mdogo, alikuwa amejifungua huko Kipushi. Jumamosi bibi angekwenda kumbeba mjukuu, akae siku tano.

Basi Alhamisi Deborah, binti mkubwa, akafua kile kitenge. Kwa wema wake akazifunga dawa upya. Lahaula! Ya kushoto akaiweka kulia. Vifuko vya plastiki vyenye dawa vilikuwa sawasawa, mkono haukuweza kuvitofautisha. Jioni, bukari, ule ugali wao, haijaiva bado, mama akameza dawa ya sukari mara ya pili. Akaanza kutetemeka. Jasho likamtoka.

"Mawee! Mama, iko nini?" Deborah akapiga kelele. Haraka akamnywesha maji yenye sukari nyingi. Kisha akatazama mafundo, akaliona kosa lake.

Mama alipopata nguvu, Deborah akasema, "Safari ya Kipushi basi. Kuanzia leo dawa yote itakaa kwangu. Kule nani atakupatia?"

Maneno hayo yalimuuma Mama Albertine sana. Alikuwa amelea watoto saba, na leo yeye ndiye mtoto wa kuwekewa dawa mdomoni!

Kesho yake wakaenda kituo cha afya. Mwansa, muuguzi, akampima sukari. Kisha akamgeukia Deborah. "Ulifanya vizuri kumupa sukari. Sasa umwambie mama kama..."

"Mwanangu, mimi niko hapa," Mama Albertine akamkata. "Macho njo imekufa. Masikio iko muzima."

Watu kwenye benchi wakacheka. Mwansa akaona haya.

"Unisamehe, mama. Nitasema na weye mwenyewe. Unataka tufanye namna gani, usichanganye tena dawa?"

Miaka sita, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mama akanyoosha mikono yake miwili.

"Mikono yangu njo inasoma. Unipe kitu ya kushika."

Mwansa akatafuta chupa mbili ndogo, safi. Ya kwanza akaivalisha lastiki moja, kimpira cha kufungia, ya pili lastiki mbili. "Moja ni sukari. Asubuhi, na chakula. Mbili ni tension. Jioni. Shika. Sasa weye uniambie."

Mama akashika, akayarudia yote bila kukosea. Mwansa akachukua simu ndogo ya mama, akayarekodi maneno yale kwa sauti. Akaongeza: "Ukitetemeka, kunywa sukari, kisha uende kwa muganga wa hospitali mbio." Akamwekea kidole kwenye kitufe cha kubonyeza ili asikie.

"Na weye Deborah, usihamishe dawa yake bila kumwambia."

"Na mimi?" akauliza Mzee Casimir kwenye benchi. Macho yake yalikuwa na ukungu, na karatasi yake ya dawa ilikuwa imegusa pua. "Maandiko yenu iko kama sisimizi!"

Mwansa akachukua kalamu nene, akaandika upya kwa herufi kubwa. Mzee akasoma kwa sauti, kituo kizima kikasikia.

Deborah akakubali, na Jumamosi Mama Albertine akaenda Kipushi, chupa zake mbili mkobani.

Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa Deborah.

"Mama, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Lastiki moja, na uji."

"Na mutoto?"

"Analala hapa mikononi mwangu, muzito sana! Lakini huyu Lydie, na macho yake mawili mazima, alisahau dawa yake ya kuongeza damu siku mbili. Chupa yake nimeivalisha lastiki tatu."