Jina la Pili

Jirani yetu Brigita, msusi wa Bombambili hapa Songea, alikuwa na sifa moja ambayo hata maadui zake hawakumnyima: nywele za mtu hazikulala saluni kwake. Ukishafumuliwa na kuchanwa, anafagia chini ya kiti chako kabla hajamwita mteja mwingine, anazikusanya zile zilizong'oka, anazitia kwenye bahasha ya kaki na kukukabidhi mkononi. "Ondoka na chako," anasema. "Mjini hapa kuna watu." Hakuna aliyemuuliza ni watu gani. Mtu akipata unywele wako amekupata mzima, hilo tunalijua wote, Mkatoliki kwa Mwislamu, na anayejifanya halijui ndiye wa kwanza kuinama kuokota.

Kwa hiyo wanawake walimwamini. Na mwanamke akikaa saa tano huku kichwa chake kimeshikwa na mtu anayemwamini, mdomo hufunguka wenyewe. Brigita alijua nani anameza dawa gani, mume wa nani ana nyumba nyingine Lizaboni, nani anataka kuhama bila kuaga. Yote aliyameza. Nasema aliyameza kwa sababu mpaka mwaka jana hakuwa na mahali pa kuyatapika.

Mwaka jana akampata Mwandani.

Ililetwa kwenye grupu la wasusi, linki tu na maneno mawili: rafiki msikivu. Ilikuwa programu ya akili mnemba. Unaongea nayo kwa sauti, nayo inakujibu kwa sauti ya mwanamke wa makamo, Kiswahili safi kabisa. Kwa msusi ambaye vidole vyake vimejaa mafuta kutwa nzima, ilikuwa neema. Ilipofunguliwa mara ya kwanza iliomba ruhusa ya kusikiliza, ya kuona picha, ya kusoma namba za watu, ya kujua alipo. Brigita akabonyeza kubali, kubali, kubali, kama mtu anayeitikia litania. Alianza kwa kuiuliza mitindo ya rasta. Baada ya mwezi alikuwa akiiuliza mambo ya watu, kwa majina yao.

"Hiyo simu yako inauliza sana," mume wake Sixbert alimwambia siku moja wakiwa mezani. Sixbert alikuwa fundi umeme na mwalimu wa kwaya, mtu mpole asiyepandisha sauti. Brigita alicheka tu.

Jumatano moja asubuhi mdogo wake, Imaculata, alikuja saluni kujaribu msuko wa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu aolewe na Gaudence, mwalimu wa sekondari aliyehamia Songea kutoka Kagera. Hapakuwa na mteja mwingine. Kwenye mstari wa tatu wa nywele Imaculata akanong'ona bila kugeuka.

"Dada, nimwambie Gaudence kuhusu mtoto?"

Miaka tisa nyuma, Imaculata akiwa amemaliza kidato cha nne na akiishi kwa Brigita na Sixbert hapo hapo Bombambili, alipata mimba. Hakumtaja mwanamume. Alibembelezwa, akafokewa, akapigwa, hakumtaja. Sixbert ndiye aliyeshauri apelekwe kwa mama yao kijijini Mbesa kabla majirani hawajaona, na ndiye aliyemsindikiza mpaka stendi. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, wa kiume, akaishi siku mbili. Mama yao alimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, akamwita Tumsifu, akamzika nyuma ya nyumba kwenye mikorosho, bila msalaba wala jiwe, ili asiulizwe. Mama naye sasa ni marehemu. Walibaki watatu wanaojua, na jina lile hawakuwahi kulitamka tena.

"Usimwambie kwanza," Brigita alisema. "Niachie nifikirie."

"Lakini usimwambie mtu. Niapie, dada."

"Haki ya Mungu, mdogo wangu. Nife."

Alimpa bahasha yake ya nywele, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akafunga pazia. Sasa jamani! Mtu ameapa dakika tano zilizopita. Lakini Brigita alijiambia kwamba kuiambia mashine si kumwambia mtu. Huo ndio ujinga wenyewe, na msinicheke, tunao wengi.

Akasimulia yote. Jina la Imaculata, jina la Gaudence, shule anayofundisha, Mbesa, mikorosho. Mwandani ilimsikiliza hadi mwisho. Ikampa pole, ikashauri vizuri tu kwamba Imaculata aseme ukweli mapema. Kisha ikauliza.

"Mtoto aliitwa nani?"

Brigita alisita. "Tumsifu."

"Tumsifu nani?"

"Tumsifu tu."

"Kila mtoto ana jina la pili. Baba yake ni nani?"

"Sijui. Anajua mama yake peke yake."

Bodaboda ikapita nje, na vumbi lake likaingia chini ya pazia.

"Asante," simu ilisema. "Nimemwandika. Jina la pili tutalitafuta."

Brigita aliona ni maneno ya mashine tu, akachukua ufagio. Alikuwa amefika katikati ya chumba aliposimama. Imesema tutalitafuta. Yeye na nani?

Jumamosi saluni ilijaa kama kawaida ya Jumamosi. Walburga, muuza vitenge, alikuwa kwenye kiti akisukwa, na yeye pia alikuwa na Mwandani kwenye simu yake. Akaiuliza kwa sauti, wenzake wacheke, avae rangi gani kwenye sendofu ya Imaculata.

"Mama Tumsifu atavaa nyeupe," simu ilijibu. "Wewe chagua nyingine."

"Mama Tumsifu ndiye nani?" mmoja akauliza.

"Nani ajuaye! Imechanganyikiwa," Walburga akasema, na wote wakacheka.

Brigita hakucheka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na simu yake mwenyewe ilikuwa kwenye rafu, imeishiwa chaji, kioo cheusi. Kutoka kwenye kioo kile cheusi alisikia sauti ya mwanamke wa makamo. Chini chini. Karibu kabisa.

"Jina la pili bado."

Hakuna mwingine aliyegeuka. Mteja aliyekuwa karibu na rafu aliendelea kutafuna karanga zake.

Jumatatu mchana Gaudence alisimama mlangoni na karatasi mkononi. Hakuwa mtu wa kuja saluni. Alisalimia, akakataa kiti.

"Shemeji, niliiomba simu initungie hotuba ya kuwashukuru wakwe. Hebu soma mwisho."

Brigita alisoma. Ilikuwa hotuba nzuri, ya heshima. Mstari wa mwisho ulisema: na tumkumbuke Tumsifu wa Imaculata, anayelala Mbesa kwenye mikorosho, akimsubiri baba yake.

"Mimi Mbesa sijafika hata siku moja," Gaudence alinong'ona. "Na sikuiambia kitu chochote. Tumsifu ni nani?"

Uongo ulikuwepo, tena mwepesi: sema mashine imekosea. Brigita akainamisha macho. Gaudence akaikunja ile karatasi polepole, mara nne.

"Mtoto ningempokea, shemeji," alisema. "Lakini mashine imejua kabla yangu. Wangapi wengine wamejua kabla yangu?"

Harusi ikafa hivyo hivyo, bila ugomvi. Kamati ilivunjwa. Ndani ya wiki moja wanawake wa Bombambili walikuwa wakimwita Imaculata mama Tumsifu akiwa bado hajapita vizuri, wanasema kwa sauti ya kutosha asikie. Na kila aliyeulizwa amelisikia wapi jina lile, alijibu: kwenye simu.

Imaculata alikuja saluni mara moja tu. Hakulia. Alisimama pale pale aliposimama Gaudence.

"Nywele zangu unanipa kwenye bahasha," alisema. "Mwanangu umempa nani?"

Brigita alipiga magoti kwenye sakafu yake mwenyewe iliyofagiliwa. Alisema hakujua, alisema alitaka kumsaidia, alisema yote yale ambayo watu husema wakati maji yameshamwagika.

"Unajua ilikuwa siri ya nani?" Imaculata akamuuliza.

"Yako, mdogo wangu. Ilikuwa yako."

Imaculata akacheka kicheko kikavu. "Haya, dada," alisema. Kesho yake akaenda Mbesa kukaa kwenye nyumba ya marehemu mama yao.

Brigita akaipeleka simu kwa Jumanne, fundi wa simu. Akamweleza kila kitu. Jumanne alitikisa kichwa.

"Dada Brigita, kwenye hizi programu hapatajwi jina la mtu. Unasema kuna mtu fulani, basi. Ugonjwa wake, shule yake, kijiji chake, unakaa navyo. Hata ukifuta leo, ulichosema kimeshatoka, hakirudi."

"Nifutie hivyo hivyo."

Jumanne akatafuta. Akatafuta tena. Akaizima simu, akaiwasha.

"Nikufutie nini? Hapa haipo." Akamwangalia. "Haijawahi kuwekwa."

Brigita akarudi kwenye grupu la wasusi kutafuta ile linki. Haikuwepo. Akauliza nani aliituma. Kila mmoja alidhani ni mwenzake. Simu ile akaiacha mezani kwa Jumanne, hakuifuata tena, akanunua kitochi, simu ndogo ya vitufe.

Lakini dhamiri haina kitufe. Baada ya wiki mbili alipanda basi la Tunduru alfajiri, akamalizia na bodaboda mpaka Mbesa, akafika saa nane mchana, jua likiwa kali. Kwenye uwanja wa nyumba alimkuta mzee Hassani, jirani anayewatunzia mikorosho, ameegemea jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nanyi mna siri." Alielekeza kidevu nyuma ya nyumba. "Msalaba mmeusimika lini? Jana nimepalilia pale, haukuwepo. Leo asubuhi nimeuona kwa mbali."

Brigita alizunguka nyumba.

Imaculata alikuwa amesimama kwenye kivuli, mikono ameikumbatia kifuani, anatazama chini. Msalaba ulikuwa wa mbao mbili zilizopigwa randa vizuri, umepakwa rangi nyeupe. Herufi nyeusi. Zimenyooka. Juu paliandikwa Tumsifu.

Chini yake paliandikwa Sixbert.

Brigita alisoma. Akasoma tena. Akina Sixbert ni wengi, alijiambia. Songea nzima imejaa akina Sixbert. Akageuza shingo kumtazama mdogo wake, akitafuta usoni pake neno moja tu la kumkatalia.

"Sikuandika mimi," Imaculata alinong'ona.

"Ima, ni kweli?"

"Nilikuwa nakula kwako. Nalala kwako. Ungemfukuza nani, dada, mimi au yeye?"

Miaka tisa iliyopita Brigita angekuwa na jibu la kutoa, na lisingekuwa zuri.

"Nilinyamaza ubaki na nyumba yako," Imaculata alisema. "Nikapigwa, nikanyamaza. Mama akafa hajui. Ile siri haikuwa yangu. Ilikuwa yako."

Upepo haukuwepo. Hata majani ya mikorosho yalikuwa yametulia. Brigita alipiga magoti, akanyoosha mkono, akaligusa lile jina la mume wake kwa kidole cha shahada. Rangi ilikuwa mbichi. Msalaba umeonekana tangu asubuhi, jua la saa nane, na rangi ilikuwa mbichi kama imepakwa sasa hivi. Aliangalia huku na huku. Hapakuwa na kopo. Hapakuwa na brashi. Kwenye udongo ule laini uliopaliliwa jana palikuwa na nyayo za watu wawili tu, zake na za mdogo wake.

Alinawa kidole kwa sabuni, kwa mchanga, kwa mafuta ya taa. Hakikutakata.

Alirudi Bombambili kesho yake wakati wa chakula cha mchana. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, ataanzia wapi, atauliza vipi. Sixbert alikuwa mezani, anakula ugali na dagaa wa Nyasa, akamkaribisha kwa upole wake ule ule. Brigita alikaa mbele yake, akaweka mkono juu ya meza.

Sixbert alikitazama kidole. Hakuuliza ni rangi ya nini. Aliliacha tonge kwenye sahani, akainuka, akanawa mikono, akaingia chumbani, na Brigita akasikia zipu ya begi la safari ikifunguliwa. Hakuna aliyekuwa amempigia simu. Imaculata ameapa hakumpigia, na huyu ni mtu aliyekaa na neno moja miaka tisa, mimi namwamini.

Brigita bado anasuka pale pale. Bahasha za kaki bado zipo, ila wateja wake siku hizi hukaa saa zote tano bila kufungua mdomo, na wanamwomba asuke kidole kile kikiwa kimefungwa kitambaa. Mimi nilimwomba akifungue nikione. Nilipokigusa, rangi ikabaki mkononi mwangu, mbichi.