Mshipa wa Mama

Hebu piga picha ya chumba kidogo, mchana, pazia limeshushwa. Mama amejilaza kitandani. Bintiye ameketi kando, simu ameiegemeza kwenye glasi. Binti huyu alihitimu uuguzi, lakini mtihani wa leseni ulikuwa umemwangusha mara mbili. Kesho ilikuwa ya tatu, na ya mwisho. Mama alimwita Sista kwa utani, maana hakuna mwingine aliyemwita hivyo bado.

Binti alijifunza kwa video za mtandaoni za mwalimu asiyeonyesha uso. Mikono tu, na sauti ya upole. Siku hiyo somo lilikuwa kuhesabu mapigo ya moyo. Mwalimu alimshika mgonjwa wake kifundo cha mkono, binti naye akamshika mama.

"Umenipima mpaka mkono umechakaa," mama akasema.

Binti akacheka, hesabu ikampotea. Kwa uchovu hakuanza upya. Akaandika daftarini hesabu aliyoitaja mwalimu, sabini na mbili. Nani angejua?

Video ikaisha. Sauti haikuisha. Sabini na tatu, sabini na nne. Chumba kikanuka spiriti, na ndani yake harufu ya udongo uliochimbuliwa. Chini ya vidole vyake kila pigo lilikuja na namba yake. Akazima simu. Mshipa ukanyamaza, midomo ya mama ikawa rangi ya majivu, naye akaiwasha tena, akisubiri na kusubiri, mpaka sauti ikarudi taratibu, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akingoja kuitwa, na mama akavuta pumzi.

Binti akamwita shangazi yake, naye akamleta mganga. Mganga akasikiliza simu, akauliza yaliyotokea, na aliposikia habari ya daftari akaufunga mkoba wake.

"Jini huyu hakuvamia," akanong'ona. "Ulimkabidhi mshipa wa mama yako, mwanangu, akuhesabie. Nikimfukuza, ataondoka nao."

Akatoka, viatu mkononi.

Asubuhi, kwa kuwa simu haziruhusiwi kwenye ukumbi wa mtihani, shangazi akasema ataishika yeye. Binti akavaa, akafika mlangoni. Sauti ikakatika.

"Nimechoka, Sista," ikasema kwa upole. "Pokea."

Akarudi mbio, akaukamata mkono wa mama, akaendelea kuhesabu pale sauti ilipoachia, na mshipa ukamfuata. Shangazi alipojaribu kumpokea, mshipa ulikataa. Saa ya mtihani ikaja, ikapita, jua likapanda, likashuka, koo likamkauka na macho yakawa mazito, naye bado alihesabu, bila kujua usingizi utakapomshinda nani atampokea.

"Sista," mama akauliza, "mtihani umekwendaje?"

Hakuweza kujibu. Jibu lingekata hesabu.

Nawe uliyenisikiliza, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukishika mkono wa mtu, hesabu mwenyewe.