Farhan Hana Roho Tatu

Marijani ni mchinjaji pale machinjioni Vingunguti. Alfajiri yuko kazini na kisu chake. Saa saba mchana yuko nyumbani, ameshaoga, anasubiri ubwabwa wa mkewe, Somoe.

Kazi yake ni damu, lakini nyumbani hakutaka kuiona. Filamu za mapigano alizipiga marufuku. Mtu akirusha ngumi tu kwenye televisheni, Marijani alinyanyuka akazima. Majirani walimtania kwamba anachinja ng'ombe kutwa, halafu anaogopa picha.

"Mie nachinja kwa bismillahi," aliwajibu. "Wale wanaua huku wanacheka."

Ila simu yake ya zamani alimpa bintiye Naima, mwenye miaka sita, achezee gemu. Gemu ni mchezo, na mchezo haumdhuru mtoto. Hivyo ndivyo alivyoamini, masikini.

Jumanne moja ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni, akasikia kishindo uani. Alikimbia. Farhan wa miaka minne, mdogo wake Naima, alikuwa chini kando ya karo la kuoshea vyombo, damu inamtoka kwenye paji la uso. Naima alikuwa amesimama mbele yake na mwiko mkononi. Hakuwa analia, wala hakuwa na hofu. Alikuwa anasubiri.

"Amka bwana," alimwambia mdogo wake. "Una roho tatu. Umekufa moja tu."

Marijani alipigwa na butwaa. Alimpokonya Naima ule mwiko.

Farhan aliangua kilio. Mwalimu Jovina, jirani yao anayefundisha chekechea, alikuja mbio. Alikandamiza kidonda kwa kitambaa safi.

"Si kirefu, lakini mpelekeni zahanati," alisema. Somoe akaondoka na mtoto kwa bajaji.

Marijani alikumbuka zile roho tatu, akampa Jovina ile simu ya gemu. "Mwalimu, filamu za kupigana humu ndani hakuna. Huyu kajifunza wapi?"

Jovina alifungua gemu. Mtu akapigwa rungu la kichwa, muziki ukalia, pointi zikapanda. Aliyekufa akafutika, kisha akarudi mzima.

"Baba Naima, uliwahi kulitazama hili?"

"Sijawahi." Aibu ilimshika.

"Kwenye filamu mtoto anamtazama mwingine akipiga. Hapa kidole chake mwenyewe ndicho kinachopiga, tena anapewa zawadi. Maiti haizikwi, hakuna mama anayelia."

"Kwa hiyo gemu ni baya kuliko filamu?"

"Hilo hata wataalamu wanabishana. Wala sisemi mwanao atakuwa muuaji. Filamu nazo zinatisha watoto, na wengine wanaiga. Umri huu bado wanachanganya mchezo na kweli. Vyote viwili havimfai. Wewe ulilinda mlango mmoja, ukaacha wa pili wazi."

"Niivunje simu?"

"Ukiivunja atacheza kwa jirani. Futa hilo gemu, kisha zungumza naye. Kuanzia leo, tazama kwanza wewe, ndipo acheze. Tena mcheze pamoja, kwa muda mfupi."

Marijani alimpakata bintiye. "Naima, ng'ombe ninaowachinja, umewahi kusikia hata mmoja amerudi?"

"Hapana."

"Basi Farhan naye ana roho moja tu. Kama mie. Kama wewe."

Naima aliutazama ule mwiko. "Baba, kumbe ningemuua kweli?"

Marijani alimkumbatia kwa nguvu. Alilia mbele ya jirani, na hakujali.

Farhan alishonwa nyuzi nne, akapona. Sasa hakuna gemu wala filamu inayoingia kwa Naima kabla baba hajaitazama. Kila siku baada ya chakula wanacheza nusu saa, bega kwa bega.

Juzi, kwenye gemu, walikuwa wanamvusha kuku mto. Kuku akatumbukia majini. Marijani akataka kuanza upya, lakini Naima akamshika mkono.

"Baba, ngoja kwanza. Ameumia?"