Waya Uliopita Juu ya Bati

Kila siku baada ya shule, Kahambu alivua sare, akafagia ua, akawasha makaa kwenye jiko la mbabula na kubandika maharagwe. Mama yake alikuwa mfanyabiashara. Siku za soko alikwenda mji wa Kiwanja na kurudi jioni na magunia yake; siku nyingine aliuza bidhaa zake mjini hadi jioni. Baba yake, Papa Wenceslas, alikuwa fundi wa redio mwenye karakana mtaani Birere. Basi mchana nyumba ilibaki mikononi mwa Kahambu, msichana wa miaka kumi na mitatu.

Sebuleni kulikuwa na televisheni ndogo ambayo baba yake aliiunda upya kwa vipuri vya zamani. Ilishika kituo cha taifa tu, na mara nyingi hata hicho hakikuonekana. Kioo kilijaa chembe nyeupe zinazochezacheza kama mvua.

Kwa majirani wengine mambo yalikuwa tofauti. Miaka hiyo, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, mwenye duka mmoja aliyeitwa Papa Ferdinand alikuwa amesimamisha juu ya duka lake antena pana ya duara, ile watu waliyoiita parabole. Kutoka pale alivuta nyaya nyeusi hadi kwenye nyumba za waliomlipa kila mwezi, nao wakaona mpira wa Ulaya, filamu na katuni. Waya wa kwenda kwa Mama Athanasie, jirani wa nyuma, ulipita juu ya bati la akina Kahambu. Papa Ferdinand aliomba ruhusa, na Papa Wenceslas akakubali bila kudai chochote.

Shuleni, rafiki yake Wivine alisimulia katuni kila asubuhi. Siku moja Kahambu alipojaribu kuchangia, Wivine alicheka.

"Weye unajua nini? Kwenu munaonaka mvua tu!"

Darasa zima likacheka. Kahambu alirudi nyumbani akiwa na hasira. Alipokuwa akifagia ua, macho yake yakapanda hadi juu ya bati, na hapo akauona ule waya kana kwamba umetundikwa siku hiyo.

"Uko juu ya nyumba yetu," alijiambia. "Tena picha si sukari. Nikiangalia, hazipungui."

Alichukua kisu na kipande cha waya kutoka kwenye sanduku la vifaa la baba yake, akapanda ngazi. Alikuwa amemsaidia baba yake mara nyingi, kwa hiyo mikono yake ilijua la kufanya. Alimenya ganda jeusi, akasokota shaba kwa shaba, kisha akapitisha waya wake chini ya ukingo wa bati hadi sebuleni. Alipowasha televisheni, paka na panya walikuwa wakikimbizana kwenye kioo. Kahambu alipiga makofi peke yake.

Tangu siku hiyo alitazama kila mchana. Wazazi wake walipokaribia kurudi, aliuchomoa waya na kuuficha nyuma ya kabati. Shuleni naye sasa alisimulia katuni, na kwa sauti kuliko Wivine.

Wivine alishangaa. "Kwani mumeingia kwa Papa Ferdinand?"

"Sisi tuko na yetu," Kahambu alijibu, akageuza mazungumzo.

Maneno ya watoto yakafika kwa wakubwa, na yakamfikia Papa Ferdinand bila jina la mtu: kwenye avenyu ile kuna mtu anaangalia bila kulipa. Wakati huohuo mvua zilianza, maji yakaingia mahali Kahambu alipofungua waya. Picha za Mama Athanasie zikaanza kutetemeka na kukatika. Mama huyo alipokwenda dukani kulalamika, Papa Ferdinand alizijumlisha habari hizo mbili akapata jibu lake.

Alikuja kwa Mama Athanasie mchana, mbele ya watu wote wa avenyu.

"Mama Athanasie, picha zako ni mbaya kwa sababu mumegawia mutu waya wangu! Mimi si mutoto!"

"Papa, naapa mbele ya Mungu," Mama Athanasie alisema. "Ingia nyumbani, angalia mwenyewe."

"Niangalie nini? Mumekwisha kuficha!" Alitoa koleo, akaukata waya kwenye ukuta wao. "Wezi siwahudumii."

Kahambu alikuwa amesimama nyuma ya uzio wa mawe, ufagio mkononi. Alitaka kusema, lakini ulimi haukunyanyuka. Aliingia ndani, na bila kujua kwa nini, akaunganisha televisheni. Picha zilikuwa safi kuliko siku zote. Sasa waya ule ulikuwa unamhudumia yeye peke yake. Kumbe zilikuwa zinapungua! Alizichukua kwa Mama Athanasie. Alizima haraka, akaketi sakafuni.

Jumapili, akitoka misa na mama yake, alisikia wanawake wawili wakinong'ona kuhusu "wale wezi wa picha." Mama Athanasie alipita kando yao ameinamisha kichwa, na hakuna aliyemsalimia. Mama yake Kahambu peke yake ndiye aliyemshika mkono. Kahambu alitazama viatu vyake.

Mchana ule mama yake alimtuma apeleke maharagwe kwa jirani huyo. Muzee Barthélemy, mume wa Mama Athanasie, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Tangu alipoanguka kutoka kwenye lori katika njia ya kwenda Rutshuru, miguu yake haikumbeba tena. Televisheni ndiyo iliyomtoa nje ya chumba kile.

"Karibu, mutoto wangu," alisema. "Wanasema mimi ni mwizi. Niambie, kwa miguu hii ningepanda wapi?"

Alicheka kidogo, kisha akakigeukia kioo cheusi cha televisheni. Kahambu aliweka sahani mezani akakimbia.

Baba yake alimkuta nyuma ya nyumba, analia.

"Kahambu, uko nalia sababu gani?"

"Papa, mwizi ni mimi."

Alimweleza yote. Papa Wenceslas hakupaza sauti. Alipanda ngazi, akakaa juu kwa muda akiuangalia ule muunganiko. Aliposhuka, Kahambu hakuthubutu kumtazama.

"Umesokota vizuri," alisema polepole. "Vile nilivyokufundisha mimi mwenyewe."

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo.

"Nilidhani kwa sababu waya uko juu ya bati letu..."

"Niliruhusu waya upite. Hakuna aliyeturuhusu kuufungua. Papa Ferdinand anauza, wenzetu wananunua. Hayo ni mapatano yao. Anayejichukulia bila kupatana naye, sheria inamwita mwizi, hata kama hakubeba kitu mkononi." Alifuta kwa kitambaa kile kisu alichokitumia Kahambu. "Sasa twende. Mama Athanasie aliaibishwa mbele ya watu. Utasema mbele ya watu."

"Papa, tafadhali! Sema weye."

"Nitasimama karibu yako. Kusema utasema mwenyewe."

Papa Ferdinand aliitwa, na majirani wakakusanyika mlangoni pa Mama Athanasie. Wivine pia alikuwepo. Kahambu alisema kwa sauti ndogo, baba yake akamwambia arudie. Akarudia.

"Mimi ndiye niliyefungua waya. Mama Athanasie na Muzee hawakufanya lolote. Niliwaona wakitukanwa, nikanyamaza."

Watu walinung'unika. Papa Ferdinand alikunja uso. "Mutoto wa fundi! Wenceslas, ningeweza kukupeleka polisi."

"Una haki," alijibu Papa Wenceslas. "Hasara yako nitailipa mimi, na Kahambu atafanya kazi karakanani kwangu kila Jumamosi mpaka anirudishie pesa hizo. Leo hii narudisha waya wa jirani. Lakini na weye, ungepanda ngazi kabla ya kukata."

Papa Ferdinand alitazama ncha ya waya alioukata. Kisha akavua kofia, akamgeukia Mama Athanasie. "Mama, nilikukosea. Munisamehe."

Kabla jua halijazama, Papa Wenceslas alikuwa amekata sehemu iliyoharibika na kuweka waya mpya hadi ukutani kwa jirani, Kahambu akimshikia ngazi. Picha zilirudi kwa Muzee Barthélemy, tulivu kabisa. Alimwita Kahambu ndani. Msichana alisimama mlangoni, hakuweza kuinua macho.

"Mutoto wangu," mzee alisema, "ulidhani umechukua picha tu. Picha tungeweza kuzikosa. Ulipokaa kimya, ulichukua jina letu, na tulikuwa tunaona aibu kulitaja mbele ya watu. Kuiba ni kuiba, hata kitu kisichoshikika, maana daima kuna mutu upande wa pili anayekosa. Usiku wa leo nitalala vizuri kwa sababu umesema."

Alivuta kigoda karibu na kiti chake.

"Sasa keti. Safari hii umekaribishwa."