Usisahau Shuka

"Huyo mtu wako anakuja kwa miguu?" shangazi aliniuliza, macho yake kwenye kikombe cha chai.

"Anakuja na treni, shangazi."

"Treni gani hiyo isiyofika?"

Tulikuwa tumekaa kwenye mgahawa mdogo wa uwanja wa ndege, jengo la kwanza, meza ya karibu na mlango wa ukaguzi. Shangazi alikuwa anarudi nyumbani kutoka kufanyiwa operesheni ya macho, na safari yake ilipitia jiji ninakosoma mimi. Ametua saa tatu asubuhi, anaruka tena saa saba mchana. Hapo katikati ndipo maisha yangu yalipobanwa.

Maana baba alishasema, na baba akisema harudii. "Huyo kijana wa huko ugenini simjui. Dada yangu akimwona kwa macho yake akaridhika, wazee wake waje. Asipomwona, habari hizo ziishe. Na mambo ya kuonana kwenye simu sitaki. Kwenye simu kila mtu ana adabu."

Shangazi ndiye aliyemlea baba. Neno lake likishatoka, nyumba nzima inakaa chini.

Nikatazama saa. Saa tano na dakika kumi. Alitakiwa awe amefika saa nne na nusu.

"Unamwita nani vile?"

"Ramani, shangazi. Anasomea upimaji ardhi."

"Mpima ardhi."

"Ndiyo."

"Anaitwa Ramani."

"Ndiyo, shangazi."

"Na amepotea."

"Hajapotea. Amechelewa tu."

Nilijitahidi kusema hivyo kwa uso mkavu. Ukweli ni kwamba Ramani anaweza kukupimia mlima mzima asikosee hata kidole kimoja, lakini mpandishe kwenye treni uone. Aliwahi kusinzia akaamkia gereji ya kuoshea mabehewa, sabuni inateremka madirishani. Aliwahi kubanwa koti na mlango, akasafiri vituo vitatu amesimama palepale, kwa sababu milango ya vituo vyote hivyo ilifungukia upande wa pili. Na siku yangu ya kuzaliwa tulipanda treni moja, akaenda mabehewa ya nyuma kututafutia viti. Kumbe treni ile njiani hukatwa vipande viwili. Tukaishia kupungiana mikono, mimi naenda kula keki, yeye anaenda mji mwingine kabisa.

Na bado nampenda. Sijui niseme nini.

"Ana jema gani basi?" shangazi akauliza.

"Mengi. Juzi mashine ya kufulia ya bweni letu ilikufa. Akabeba nguo zangu na shuka langu, akaenda kunifulia kwake."

"Anafua?"

"Anafua."

"Na pasi?"

"Pasi anaunguza."

Shangazi akacheka kidogo, kisha akajirudi, akakumbuka kazi iliyomleta pale mezani. "Mlikutana wapi?"

Hilo nilikuwa nalisubiri kwa hamu.

"Kwenye basi, shangazi. Wiki yangu ya kwanza hapa. Nikaona kituo changu kinakaribia, nikapaza sauti kama nilivyozoea nyumbani. Nikasema, shusha. Dereva kimya. Nikasema tena kwa nguvu, shusha. Basi zima likanigeukia. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwa Kiswahili, 'Dada, huku hawashushi kwa mdomo. Bonyeza hicho kitufe chekundu.'"

"Ukabonyeza?"

"Tulishapita. Akashuka na mimi, akanirudisha kwa miguu mpaka mlangoni. Siku hiyo yeye mwenyewe alikosa kipindi."

Shangazi akanitazama kwa yale macho yake mapya. Daktari alimwambia sasa anaona mbali kuliko msichana, ila asome kwa miwani.

"Basi huyo wa kushusha wenzake, leo amemshusha nani?"

Simu ikalia. Meseji yake.

"Samahani sana mpenzi. Nimepitwa na treni. Nakuja na inayofuata."

Nikampigia, hapatikani. Treni ya uwanja wa ndege hupita chini ya ardhi, ikishaingia huko simu huwa pambo. Nikampigia tena na tena, huku natabasamu kwa ajili ya shangazi.

Jana yake nilishamwonya. Nilimwambia, "Ramani, siku zote umechelewa nimekucheka. Kesho ukichelewa sicheki. Kesho ukichelewa, tusitafutane." Akaniapia kwamba atalala na viatu. Na asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kumpokea shangazi, nikamwandikia upesi upesi: "Treni ya saa nne kasorobo. Usisahau shuka jengo la kwanza siyo la pili." Mtu umemtafunia kila kitu, amebakiza kumeza tu, naye bado anapitwa na treni.

Saa sita kamili shangazi akasimama, akajifunga vizuri mtandio wake wa kahawia.

"Niingie, mwanangu. Miguu hii haijui kukimbia."

"Dakika kumi tu, shangazi. Nakuomba."

"Nimekupa saa mbili." Akanishika shavu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Nitamwambia baba yako kweli. Kwamba nilikaa, na sikumwona. Siwezi kusema nimeona nisichokiona."

Nikamtazama akivua viatu kwa wakaguzi, akivivaa, akipotea nyuma ya ukuta mweupe. Nikatoka kando, nikalia bila kujificha. Halafu nikaandika: "Ameingia. Tusitafutane tena." Nikatuma.

Saa sita na robo simu ikaita. Ni yeye. Niliiacha iite, nikaapa sipokei, nikapokea.

"Unataka nini?"

"Uko wapi?" Alikuwa anahema. "Treni ilikwama chini kwa chini dakika arobaini. Ilipotoka ikapitiliza jengo la kwanza, ikanitupa la pili. Nimekimbia. Niko kwenye ujia wa vioo unaounganisha majengo."

"Umechelewa. Shangazi ameshapita ukaguzi."

"Anasubiri mlango namba ngapi?"

"Kumi na nne. Inakusaidia nini?"

"Subiri." Hatua zikasikika, kisha zikasimama. "Ukumbi wa abiria uko chini yangu. Nauona kupitia kioo. Kumi na mbili, kumi na tatu... kumi na nne ile pale. Kuna watu wengi wamekaa. Amevaaje?"

Machozi yakakauka yenyewe.

"Mtandio wa kahawia. Usikate." Nikampigia shangazi, nikaziunganisha simu zote mbili. "Shangazi, umekaa?"

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Tazama juu. Kuna ujia wa vioo. Ramani yuko hapo."

"Shikamoo, shangazi," sauti ya Ramani ikaingia, nyembamba.

"Marahaba. Uko wapi? Hapo juu naona watu kama hamsini, wote wana makoti meusi."

"Napunga mkono, shangazi."

"Kila mtu anapunga mkono, baba. Watu wanaagana hapa."

Nikashika kichwa. "Ramani, huna kitu cha kupunga? Kofia? Gazeti?"

"Nina shuka."

"Shuka gani?"

"Shuka lako. La maua ya njano."

"Umelileta la nini?"

"Si wewe uliniambia nisisahau?" akasema, naye ameshangaa. "Nilikuwa nimeshafika kituoni, kabla ya saa nne kasorobo, nimesimama kabisa kwenye jukwaa. Nikafungua meseji yako niisome tena. Usisahau shuka. Nikaona nimelisahau, nikarudi kulichukua. Ndipo treni ikanipita."

Nikaondoa simu sikioni, nikaisoma ile meseji yangu kwa macho yangu mwenyewe. Usisahau shuka jengo la kwanza. Hakuna nukta. Hakuna mkato. Mimi niliyemlaumu siku nzima ndiye niliyemtoa kituoni na kumrudisha nyumbani.

"Ramani," nikasema taratibu, "nilimaanisha ushuke. Ushuke kwenye treni."

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka nikasikia mtu wa kiti cha pili akimuuliza kama yuko salama.

"Haya," akasema akijifuta pua. "Ulifungue basi hilo shuka tukuone."

Sikuwa pale, lakini nililiona kwa masikio. Kitambaa kikipapatika, watu wakisogea, Ramani akiomba radhi kwa lugha ya wenyeji na lafudhi yake mbovu.

"Naliona," shangazi akasema. "Maua ya njano. Sasa lishushe kidogo, umejifunika uso."

"Hivi?"

"Hapo hapo. Kumbe mrefu. Hebu geuka." Akageuka, nadhani. "Mwembamba. Unakula?"

"Nakula, shangazi."

"Sasa nikuulize, na unijibu ukiwa umenitazama. Ulijua mimi nangoja?"

"Nilijua."

"Ulijua nikiondoka ndiyo basi tena?"

"Nilijua, shangazi."

"Na ukarudi kufuata shuka?"

"Nilidhani ni la kwako. Nimesikia umetoka hospitali, na kwenye viwanja vya ndege kuna baridi. Nikasema labda anataka ujifunike ukiwa unangoja. Sikumuuliza. Siku nzima ana wasiwasi, nisingemwongezea maswali. Akiniambia nisisahau kitu, nakirudia."

Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni karibu na mashine ya tiketi, watu wananipita na masanduku yao, nami nampenda yule mtu mpaka kifua kinauma.

"Shangazi," Ramani akasema, "kuna askari wawili wananijia."

"Wape shikamoo. Waambie uko kwenye kikao cha familia." Kisha akaita, "Kijana."

"Naam, shangazi."

"Macho haya yametoka kutengenezwa wiki iliyopita. Nimekuona. Pale mezani niliona wewe ni mtu wa kupotea njia, na hilo sikulipenda. Lakini njia mtu anafundishwa. Moyo huo nani angekufundisha? Haya, kunja shuka la watu usije ukaliburuza."

Akakata, maana walishaanza kuita abiria.

Ramani alinifikia baada ya nusu saa, askari wamemwachia, shuka liko kwapani. Tukasimama tunatazamana kama wageni.

"Ulinitumia meseji nyingine," akasema. "Nimeiona sasa hivi. Kwamba tusitafutane."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma. Lakini meseji zako nimeanza kuziogopa. Nikaona nije niulize maana yake."

"Maana yake nisamehe."

"Haijaandikwa hivyo."

"Ndivyo ninavyoandika mimi, Ramani. Umeshaona leo."

Akacheka, akanifunika mabegani na shuka lile mbele za watu wote. Lilikuwa na harufu ya sabuni, na kwenye pindo kulikuwa na alama ya kahawia ya pasi.

Tulipanda treni ya kurudi tukakaa behewa moja, kiti kimoja, nimemshika mkono asiende popote. Tulipotoka chini ya ardhi simu yangu ikapata mtandao. Ilikuwa meseji ya baba. Tukaisoma pamoja, vichwa vimegusana.

"Shangazi yako amenipigia kabla ya kuruka. Amenisimulia yote. Wazee wa kijana waje mwezi ujao, tutawapokea. Tafadhali usiwaelekeze wewe. Mahali pa kushuka nitawaandikia mwenyewe."

Ramani aliisoma mara mbili, kisha akaniomba simu aisome ya tatu. Alikuwa analia na hakujificha.

"Mpenzi," nikamwambia baadaye, "kituo chetu tumekipita."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Nilikiona," akasema, akijifuta macho kwa pindo la shuka. "Nilikuwa sijamaliza kusoma."