Vidole Viwili vya Mjomba

Saa nne asubuhi ya Jumamosi, Soko Kuu la Morogoro lilikuwa limejaa watu ambao Eufrazia hakuwapenda. Hakuwapenda wanunuzi waliobonyeza nyanya kisha wakaondoka, wala wauzaji waliotaja bei huku wakitazama simu. Alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki binafsi, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa. Dharau ilimkaa vizuri kama sketi yake ya kijivu, iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama yenyewe.

Mbele ya meza ya karanga alijikwaa kwenye tundu lililofunikwa kitenge.

"Taratibu, dada. Utamuumiza mstaafu."

Aliyesema alikuwa kijana mrefu, amevaa shati la kaki lenye mifuko minne, yote imetuna.

"Mstaafu gani anakaa kwenye tundu?"

Kijana alifunua kitenge. Panya buku, mkubwa kama paka, alimtazama Eufrazia bila heshima yoyote. Mashavu yake yalijaa karanga.

"Mungu wangu! Panya!"

"Anaitwa Sajini. Amenusa mabomu ya ardhini miaka sita. Sasa amestaafu, tunatembelea wazee na wagonjwa."

"Kuwafanya nini, kuwatisha?"

"Kuwaliwaza. Mzee anampapasa, anamlisha. Moyo unatulia, na mkono unafanya kazi bila kuamrishwa."

"Na matokeo mmeyapima wapi?"

"Kwenye nyuso zao."

"Uso si kipimo, kaka."

"Naitwa Abel."

"Sikukuuliza."

Hata hivyo aliondoka sokoni akiwa na namba ya Abel, baada ya kumpa yake. Alijiambia kwamba ameichukua ili siku moja amwonyeshe makosa yake. Wasomi wana njia ndefu sana ya kukubali kwamba wamependezwa na mtu.

Nyumbani kwake, Kihonda, alikuwepo mtu aliyemshinda. Mzee Amosi, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa ameteremshwa kutoka milimani, juu ya Mkuyuni, baada ya kupata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunja ngumi na kugoma. Mdomo nao ulinyamaza, ingawa madaktari walisema sauti haikudhurika. Miezi minane mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, akiutazama ulimwengu kama mtu anayetazama mchicha ulionyauka. Mpira wa mazoezi aliopewa na Eufrazia aliutupa dirishani kwa mkono wa kushoto, kila siku, kwa shabaha nzuri.

Jambo hilo lilimuuma binti kwa sababu mbili. Kwanza, lilimwaibisha kazini. Pili, Waluguru hufuata ukoo wa mama, na katika ukoo wao posa ilijibiwa na mjomba. Mjomba asiyesema ni mlango usio na kitasa.

Abel alipiga simu kila jioni.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi si daktari, na si wako."

"Basi mtaalamu wa watu wote, umekula?"

"Nimekula. Panya wako?"

"Anakusalimu. Anasema una miguu mizuri, ila unaitupa hovyo."

Eufrazia alicheka, kisha akakasirika kwamba amecheka. Wiki ya pili alimruhusu Abel amlete Sajini, ili upuuzi ule uthibitishwe mara moja.

Haukuthibitishwa. Mzee Amosi alimwona panya, akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Abel alipenyeza karanga ndani ya ngumi yake. Sajini alipanda gotini, akanusa ngumi ile kama ardhi yenye bomu, akaisukuma kwa pua. Kidole gumba kikasogea.

Kila Jumamosi walirudi. Baada ya miezi mitatu vidole vitatu vilikuwa vimefunguka. Eufrazia alipima pembe za viungo mara mbili mbili, akitumaini kwamba kipimo kimeharibika. Katika muda huohuo alimpenda Abel kabisa, jambo alilolihesabu kuwa kushuka kwa viwango.

Abel alikuja kuposa Jumapili baada ya misa, pamoja na mshenga wake, katekista mstaafu mwenye suti iliyombana kwapani. Eufrazia alivaa gauni la kitenge cha zambarau na kukaa wima. Katekista alisema mambo mengi kuhusu ua, bustani na mtunza bustani. Alipofika kwenye mbolea, sauti nzito ilimkatiza.

"Amenona."

Wote waligeuka. Mzee Amosi alikuwa amesema.

"Mungu ni mwema!" alilia katekista. "Nani amenona, mzee wetu?"

"Panya. Nimemnenepesha mwenyewe. Mchinjeni, mleteni na chumvi. Tukishamla, nitajibu posa."

Katekista alikaa. Abel alipiga goti mbele ya kiti.

"Mjomba, naomba radhi. Sajini haliwi."

"Nimetega panya buku miaka hamsini, kijana. Wote huliwa."

"Huyu hapana."

"Basi na binti haolewi."

Abel alimwingiza Sajini kwenye tundu, akatoka. Eufrazia alimfuata hadi uani.

"Umechagua panya mbele ya ukoo wangu!"

"Nimekataa kuua mwenzangu wa kazi, Efra."

"Ungesema 'tutaona'. Ungesema 'baadaye'. Mtu mwenye akili huomba muda."

"Nimdanganye mjomba wako siku ya posa?"

"Ndiyo! Ukweli wako umetusaidia nini?"

"Ningempa, kesho ungenidharau zaidi ya leo."

"Zaidi ya leo haiwezekani."

Abel alifunika tundu kwa kitenge, akaenda zake. Majirani, ambao hawakuwahi kumletea mgonjwa hata ndizi moja, walisikia kila neno na kulisambaza hadi Msamvu kabla ya chakula cha mchana.

Wiki mbili zilipita bila simu. Mkono wa mjomba ulianza kujikunja tena, kidole baada ya kidole. Maneno yalikoma. Kisha aligoma kula. Siku ya tatu Eufrazia alitazama mashavu yake yaliyobonyea, akaelewa kwamba anaweza kumpoteza. Alichukua simu.

"Abel."

"Mtaalamu."

"Mkono umefunga."

"Jaribu mpira."

"Usinidhihaki."

"Nimefundishwa na mwalimu hodari."

"Leo ni siku ya tatu hali kitu. Njoo naye. Tafadhali."

Neno hilo lilimtoka kama jino.

"Na akitaka kumla?"

"Nitamzuia."

"Kwa ukweli au kwa uongo?"

"Kwa tiba. Abel... nilikosea kusema vile pale uani."

"Rudia, mtandao unakatika."

"Umesikia vizuri sana, mpumbavu wee."

"Nimekukumbuka, mpenzi. Hata matusi yako nimeyakumbuka. Nakuja."

Alifika baada ya nusu saa, jasho likimtiririka, tundu likiwa kifuani. Eufrazia hakumwacha aseme. Alimkumbatia palepale mlangoni, tundu katikati yao, majirani wakitazama. Kwa mara ya kwanza maishani hakujali wanatazama nini.

Ndani, alisimama mbele ya mjomba na kusema kwa sauti ya kliniki:

"Mjomba, panya huyu ni dawa, na dozi haijaisha. Vidole vyote vitano vikifunguka, utamla. Kabla ya hapo, hapana. Atakaa hapa nawe."

Mzee Amosi alimtazama Sajini muda mrefu.

"Vitano?"

"Vitano."

"Lete karanga. Na uji."

Vidole vitatu vilirudi ndani ya wiki mbili. Viwili vya mwisho vikabaki vimekunjwa. Eufrazia alipima kila Jumamosi, na kila Jumamosi mzee alisema neno moja: "Vimegoma." Mwezi ukapita, na wa pili. Abel alikaa barazani kama mchumba asiye na jibu, na Eufrazia alianza kuhesabu miaka yake.

Jumatano moja mgonjwa wa saa tisa hakutokea. Eufrazia alirudi mapema, akaingia kwa mlango wa jikoni. Alisikia sauti ya mjomba, ndefu na laini, ikisimulia habari za migomba yake. Alichungulia. Mzee Amosi alikuwa anamenya karanga, moja baada ya nyingine, akitoa hata lile ganda jembamba jekundu kwa ncha za vidole, maana Sajini hakulipenda. Vidole vyote vitano vilicheza kama vya mshonaji.

Mzee aliinua macho. Viwili vikajikunja.

"Vimegoma," alisema.

"Mjomba, nimeona."

"Umeona nini?"

"Vitano."

Mzee aligeukia dirisha, kwenye milima iliyofunikwa wingu nusu.

"Kule juu wananijua kwa mitego. Wakisikia nabembeleza panya, watanicheka hadi kaburini. Na niliapa mbele ya yule katekista mjinga. Ukiandika vitano, itabidi nimle."

Eufrazia alichukua faili na kalamu. Tangu chuoni aliwadharau watu wanaoandika wasichokipima. Aliwaita wahuni wenye vyeti. Kalamu ilisimama juu ya karatasi.

"Na posa?" aliuliza.

"Unanipangia bei?"

"Nauliza tu, mjomba."

Mzee alimpapasa Sajini mgongoni, pole pole, kwa mkono mzima.

"Kijana aje Jumapili. Asinishukuru. Watu wa shukrani wananichosha. Na katekista abaki kwake."

Eufrazia aliandika: *Vidole vitatu. Viwili bado.* Akatia sahihi. Kisha akatoka uani na kupiga simu.

"Njoo Jumapili. Amekubali."

"Kweli? Umemwambia nini, mpenzi?"

"Sikumwambia kitu."

"Na mkono wake?"

Kupitia dirisha alisikia maganda ya karanga yakipasuka, haraka haraka, bila kukosea.

"Viwili bado," alisema Eufrazia. "Na kwa maoni yangu ya kitaalamu, havitapona kamwe."